Matanga ya Babu Kitsa

Mimi silii. Kartiye nzima, mtaa wote, inajua. Siku mwalimu wa Kifaransa alipochapa darasa letu zima, wengine walilia. Mimi nilimuuliza kama mkono haumuumi.

Kartiye yetu hapa Butembo ni ya zamani, chini kidogo ya soko. Nyumba ni za udongo, mabati yameliwa na kutu, na mvua ikinyesha unachagua tu upande gani wa kitanda uloane. Lakini kodi ni ndogo, na ukiacha chai mezani utafika katikati ya mji kabla haijapoa. Ndiyo maana mimi na kaka yangu Élisée tulipanga chumba cha nyuma kwa Mama Kavuo, mjane anayeuza maharagwe. Na ndiyo maana, vita ilipotuletea maaskari wapya, wakubwa wao waliipenda kartiye ile ile. Afande mmoja alikuwa anapita na chaki. Mlango akiutia alama, wenye nyumba wanahama kabla jua halijashuka.

"Nitaenda wapi?" Mama Kavuo alisema. "Kwetu Kanyabayonga banapigana. Na Élisée akirudi, atatukuta wapi?"

Élisée alikuwa amekwenda Mabalako kununua mafuta ya mawese. Wenye bunduki wakafunga njia. Wenzake walirudi, yeye hapana. Hakuna maiti, donc hakuna matanga. Mama Kavuo alikuwa bado anafua shuka lake.

Wazo lilikuwa langu, la nani mwingine.

"Mama, hakuna mutu anafukuzaka batu ku matanga. Hata askari iko na mama."

Tukatoa viti na kabati nje, kama inavyofanywa kwetu mtu akifa, ili chumba cha mbele kibaki wazi kwa wanaokuja kukaa. Tukawasha kigogo kikubwa katikati ya uwanja. Majirani wakaja: wanaume wakauzunguka moto, wanawake wakaketi ndani kwenye mikeka.

"Na tunamulilia nani?" aliuliza Kasonia, fundi wa viatu wa nyumba ya pili.

"Babu Kitsa."

"Kitsa wa wapi?"

"Hajazaliwa bado. Ndiyo uzuri wake, hakuacha bajane ba kugombania shamba."

Wakacheka chini chini. "Na weye, Mathe, utalia?" Kasonia akaniuliza.

"Moshi itanililia."

Mama Kavuo hakucheka. "Babu Kitsa, sawa. Mais jina ya mutu iko hai usitaje kwa moto ya matanga. Ni kumufungia njia ya kurudi."

Afande akaingia uwanjani, chaki mkononi. Alipoona moto akavua kofia.

"Pole, bandugu. Ni nani amekufa?"

Wote wakanitazama. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kabati lilikuwa pale juani, mlango wake umefunguka wenyewe, na ndani koti la Élisée linaning'inia, mabega yake yamejaa kana kwamba kuna mtu.

"Élisée," nikasema. "Yaya yangu, mukubwa wangu."

Afande akasogea karibu na moto.

"Mumemuzika?"

"Hapana. Hatukumuona. Alibakia njia ya Mabalako."

Afande aliigeuza kofia mkononi. "Mimi pia, leki yangu, mudogo wangu, hatukumuona," akasema. Akarudisha chaki mfukoni, akasukuma kigogo kwa ncha ya buti ili moto ushike, akatoka.

Ndani, wanawake wakaanza kuimba. Hakuna aliyewaambia waimbe.

Baadaye Kasonia akaleta ndoo ya maji kuzima moto. Mama Kavuo akamshika mkono. "Acha iwake," akasema, na Kasonia akaiweka ndoo chini.

Nikajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Mumeona?" nikasema. "Ningekuwa Kinshasa, bangenilipa kwa teatre. Machozi ile ndiyo imeokoa nyumba. Hata afande aliamini."

Mama Kavuo alikuwa amelitoa koti kabatini, analikunja polepole, mkono juu ya mkono.

"Afande hakuona machozi, Mathe," akasema bila kuinua macho. "Wakati ulianza kulia, alikuwa amekwisha kukata kona ya soko. Ni mimi niliona."