Bakuli Lililorudi Tupu

Kila mchana Mama Venant alitoka mtaa wa Kasenga kwa miguu na kukabidhi bakuli la chakula cha mwanawe mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Muuguzi Alliance alilipokea kwa mikono miwili, na jioni alilirudisha tupu, limeoshwa.

Venant hakuwa amekula chochote tangu alipoanguka na pikipiki. Hakufungua macho. Aliishi kwa serumu ya mshipani na oksijeni, na daktari alikuwa amemwambia Alliance awaandae ndugu wa Venant kwa msiba. Hakusema namna ya kuwaandaa.

Siku ya kwanza Alliance alitaka kulikataa bakuli. Lakini kumrudishia mama chakula cha mwanawe ni kumwambia kwamba mtoto hayupo tena, na Venant alikuwa bado anapumua. Akalipokea. Kwenye kitanda cha pembeni alilala mzee Libérat, mkulima wa bonde la Ruzizi, aliyekuwa ameanza kupata nafuu na hakuwa na mtu wa kumpikia. Chakula akapewa yeye. Alliance alijiambia kwamba kesho yake angesema ukweli. Kesho yake bakuli lilikuja na samaki mkubwa zaidi.

Siku moja Mama Venant alifika akicheka.

"Leo ni samaki ya mukeke na sombe ya majani ya muhogo. Huyu mutoto nyumbani sombe alikuwa hataki hata kuiona! Weye umemufanya nini?"

Alliance alilipokea bakuli.

"Fanny ananipigia kila saa. Analia, anataka kuteremuka kutoka Lemera na katoto, mu mvua hii. Nimemukataza. Nimemwambia bwana yako iko anakula vizuri, utulie kwanza, upate nguvu."

Fanny, mke wa Venant, alikuwa amejifungua kwa wazazi wake huko milimani. Venant alikuwa hajamwona mtoto. Na tangu asubuhi pumzi zake zilikuwa zinakuja kwa kukatika.

"Mama Venant, mwambie aje."

"Aje kufanya nini?"

"Aje leo. Venant hali chakula, mama. Hajala hata siku moja."

Mama Venant alimtazama kama mtu anayengoja mzaha uishe.

"Basi hiyo bakuli inajikula yenyewe, binti yangu?"

Alliance alifungua mlango, akamshika mkono, akamwingiza. Mama alisimama miguuni pa kitanda. Aliona mrija wa oksijeni puani, na midomo iliyokauka mpaka ikapasuka. Aliitazama ile midomo kwa muda mrefu.

Mzee Libérat aliliona bakuli mkononi mwa Alliance, akajiinua kwa kiwiko.

"Ni weye unapikaka? Mungu akubariki, mama. Minye nilizani ni watu wa kanisa."

Mama Venant akamgeukia. Macho yake yalikwenda kwenye kidevu cha mzee, kisha kwenye mikono yake.

"Chumvi ilikuwa inatosha?"

"Jana ilipunguka kidogo," mzee alisema, bila ubaya wowote.

Mama akatikisa kichwa kukubali, kama atakayerekebisha atakapopika tena. Kisha akakaa sakafuni.

Fanny alipopigiwa hakuuliza mengi. Alimfunga mtoto mgongoni, akatafuta mtu wa pikipiki. Mama Venant akabaki pale chini, ameushika mguu wa mwanawe juu ya shuka. Hakumtukana Alliance, wala hakumlaumu.

"Ningemuita Fanny siku ya kwanza," alisema tu. "Angekuwa amefika zamani."

 

Venant alikata roho Fanny akiwa bado njiani. Alliance alifunga oksijeni, na chumba kikawa kimya kuliko alivyotaka. Mama hakulia. Telefone ililia mapajani mwake. Aliitazama, akamnyooshea Alliance.

"Ni Fanny. Ongea weye."

"Nitamwambia nini?"

"Mutu haambiwi kifo akiwa mu njia. Iko na mutoto ku mugongo, na barabara inateleza. Weye unajua kunyamaza vizuri. Umuongeleshe."

Alliance aliweka telefone sikioni. Upande wa pili mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Allô? Tuko Sange, tumejificha kwa duka. Mvua ni mingi. Venant iko namna gani?"

Mama Venant alikuwa anamtazama bila kupepesa macho.

"Tuko naye hapa," Alliance alisema. "Ngojeni mvua iishe. Mje polepole."

"Bado anapumua?"

Alliance alimtazama Venant.

"Tuko naye, Fanny."

"Mungu asifiwe! Mumwambie anaitwa baba wa mutoto mwanaume. Aningojee. Hatungoji mvua, tunakuja mbio."

"Hapana, Fanny, sikiliza..."

Lakini Fanny alikuwa ameshamgeukia dereva, anamwambia awashe. Pikipiki ikanguruma, na telefone ikakatika. Alliance alipiga tena, akapiga tena. Haikupokelewa.