Jangwa la Jumamosi

Jangwa lilikuwa la karatasi, nalo lilifunika meza nzima ya chakula. Mzee alilichapa mwenyewe zamani, alipokuwa bado na kiwanda chake kidogo cha uchapaji, kwenye upande mtupu wa mabango ya mgombea mmoja aliyeshindwa uchaguzi akaona haya kuja kuyachukua. Vifaru vilikuwa herufi za madini ya risasi zilizotoka katika mashine ya kale: herufi kubwa jeshi moja, herufi ndogo jeshi la pili. Mchezo ukiisha, vidole hubaki na weusi ambao sabuni haiutoi upesi.

Vita vyenyewe vilipiganwa kweli, miaka mingi nyuma, katika jangwa ambalo Mzee hakuwahi kulikanyaga. Jeshi dogo lilishika kilima alfajiri, likaamriwa lisirudi nyuma, na hadi jua linatua vifaru vyake vyote vilikuwa vinaungua. Kila Jumamosi Mzee aliirudia siku hiyo na mwanawe wa pekee, tangu mtoto akikalia mto ili aifikie meza, hadi alipokuwa askari, tena askari wa vifaru. Kisha akapelekwa kwenye vita visivyo vya karatasi, na hakurudi. Jumamosi iliyofuata mazishi, mkamwana alibisha hodi, akavuta kiti cha mumewe, akasema, "Nifundishe, Baba." Tangu hapo hakukosa kuja, na Mzee alianza tena kuishi kwa ajili ya siku moja katika juma.

Leo mkamwana alikuwa na neno. Mzee, ambaye macho yake yalizoea kuiona herufi moja iliyopinduka katika ukurasa mzima, alikwisha kuona kwamba chai ya mkamwana imepoa bila kuguswa.

"Unacheza, au unailinda chai isiibwe?"

"Nacheza, Baba." Alivuta pumzi. "Vifaru vyangu vinarudi nyuma."

"Vinarudi wapi?"

"Huku." Akazisukuma herufi zake chache zilizosalia, moja baada ya nyingine, ziteremke kilima.

"Wale hawakurudi. Waliamriwa wakae."

"Wakaungua wote."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimechoka kuungua, Baba." Akaondoa mkono mezani. "Nimeposwa. Nami nataka kuolewa. Lakini sitaondoka bila ruhusa yako. Sina baba mwingine."

Mzee alihisi anafiwa upya. Alikuwa akijidanganya kwamba binti huyu alikuja kwa kuupenda mchezo, na kwamba maadamu kiti kile kina mtu, basi nyumba haijawa tupu. Alijua la kusema, maana watu wazima wote hulijua. Mtoto wa mwenzio hafungwi kamba kwa sababu tu wako amekufa. Lakini alichofanya kilikuwa cha kitoto: alichukua dadu, akairusha. Ikaangukia sita: kifaru kimepigwa. Akanyoosha mkono akailaza ubavu herufi ya nyuma kabisa, iliyokuwa inakaribia kutoka kilimani.

Mkamwana aliitazama herufi ile, kisha akamtazama yeye.

"Sema, Baba."

Katika nyumba hii palikuwa na kanuni isiyokuwamo katika mchezo mwingine wowote. Siku kifaru cha kwanza cha mwanawe kilipolazwa, mtoto aliangua kilio, akataka kujua waliokuwamo ndani wamekuwaje. Mzee akamjibu haraka haraka, "Watu wametoka." Kuanzia hapo ikawa sharti: anayepiga hutamka maneno hayo, hata kama anayepigwa ni jitu zima lenye ndevu. Tangu mazishi, Mzee alikuwa akivilaza vifaru kimya kimya, na mkamwana hakuwahi kumdai.

"Sema."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni uongo, na mimi ndiye niliyemlisha!" Mzee alipiga meza, herufi zikaruka. "Alipanda kile chuma akiamini kwamba watu hutoka. Nimemuua mwanangu hapa, kwenye meza ya chakula, na wewe unataka niendelee kusema?"

Mkamwana aliushika mkono ule uliopiga meza.

"Hakuamini, Baba."

"Nini?"

"Tangu akiwa shule ya msingi. Aliiona ile picha ya walioungua ndani ya kifaru, katika kitabu chako, kile unachokificha juu ya kabati. Siku moja nilimtania, nikamuuliza mbona mtu mzima na cheo chake bado anasema maneno ya watoto. Akacheka. Akaniambia, 'Baba akiyasikia, mabega yake hushuka, akapumua. Nitamnyimaje?'"

Mzee alilia, kwa sauti, bila kujifunika uso, jinsi ambavyo hakulia hata makaburini. Miaka yote hiyo alidhani ni yeye aliyekuwa akimfunika mtoto shuka. Mkamwana hakumnyamazisha. Alilia naye, na chai ikazidi kupoa.

Baadaye sana Mzee alipenga kamasi, akauliza, "Huyo bwana, kazi yake nini?"

"Fundi wa umeme. Hupanda nguzo."

"Na hushuka?"

"Mpaka sasa hushuka kila jioni."

"Mwambie aendelee hivyo hivyo." Akasimama kwa kujikongoja, akamshikia mkoba. "Nenda, mwanangu. Ruhusa unayo. Mimi ndiye niliyechelewa kuitoa."

"Jumamosi nitakuja."

"Jumamosi kaa na mumeo. Mkija, njooni wawili, siku nyingine yoyote, na tuzungumze mambo ya nyaya."

Mlango ulipofungwa, Mzee hakurudi kwenye kiti chake. Aliizunguka meza, akakaa upande wa pili, kwenye kiti cha mwanawe, ambako hakuwahi kukaa. Kutoka huku kilima hakikuwa kitu, na vifaru vilikuwa herufi tu zilizochakaa. Lakini mwanga wa dirisha ulipita juu ya jangwa lote na kukimulika kile kiti chake mwenyewe, hivi kwamba aliyekaa hapa asingeweza, hata angetaka, kuacha kuuona uso wa aliyekaa pale.