Koti Lisilorudi kwa Fundi

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka sita nimeshona makoti meupe ya vyuo vikuu viwili vya mji huu. Majina yao rasmi ni marefu, kwa hiyo watu huviita Chuo cha Vioo na Chuo cha Mabati. Cha Vioo kina jengo la kioo kuanzia chini mpaka juu, ambalo ukilitazama saa sita mchana unatokwa machozi. Cha Mabati kiko nyuma ya karakana za magari makubwa, na paa zake zina kutu. Mjukuu wangu wa kike alipata nafasi kote kuwili, somo lilelile la maabara ya hospitali: kupima damu na makohozi ya watu, ili daktari aambiwe huyu anaumwa hiki, si kile. Alitakiwa athibitishe chuo kimoja kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Ukithibitisha kimoja, kingine kinakufuta.

Niseme mapema kwamba kosa lilianza kwangu.

Makoti ya Mabati yalikuwa yakinirudia kila mwezi kutiwa viraka. Mikono ina vishimo vya dawa kali, kana kwamba nondo wamefanya sherehe humo. Mifuko imechanika pembeni kwa sababu mtu amejaza kalamu, daftari, funguo, na mara moja nilikuta vitunguu viwili. Madoa ya zambarau yasiyotoka hata ulichemshe koti. Makoti ya Vioo hayakurudi hata moja. Miaka sita, hata kifungo.

Basi mjukuu wangu akikaa chini ya meza yangu kuniokotea pini, tangu ana miaka kumi na miwili, nilikuwa namwambia, "Unaona? Wale wa Vioo ni watu nadhifu. Koti likifika kwao linaheshimiwa. Hawa wa Mabati wanavaa kama wanapigana nalo." Hata oda ya Vioo niliisifu. Ilikuja na mchoro, na mchoro ulisema mifuko ishonwe juu tu, isifunguke. Nikashona mifuko ya uongo mia mbili na arobaini, nikasema hao ndio wasomi, hawatembei na takataka.

Mtoto wa fundi huamini maneno ya fundi. Alipojaza fomu, aliandika Vioo kwanza.

Mwanangu wa kiume, ambaye kwake ni mjomba, hakuhitaji kusukumwa. Tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu akikuta watu wawili wamekaa anafungua kikao. Alisoma Vioo muhula mmoja, zamani, akaacha kwa sababu ambazo hubadilika kila akizisimulia. Lakini ukimsikia anavyokitaja, utadhani alibeba vile vioo mgongoni. Jina la mjukuu wangu lilipotoka tu, aliwatangazia ndugu wote kwenye kundi la simu, hadi wale ambao hatujui tulihusianaje.

"Mabati?" alisema, akicheka na kikombe mkononi. "Mvua ikinyesha pale, mwalimu anafundisha kwa ishara. Ukitoka na digrii unakuwa bubu mwenye cheti."

Mjukuu wangu alicheka naye. Nami nilicheka, sitaki kudanganya.

Jumanne nikamwambia binti, twende tukakione hicho chuo kabla hujabonyeza. Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka tu kuona makoti yangu yalivyotunzwa. Hiyo ni tamaa ya fundi, kama ya mama kwenda kumchungulia bintiye aliyeolewa nyumba ya watu wenye nafasi.

Njia nzima kulikuwa na mabango yao. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilikuwa kimejitembeza mpaka nyuma ya mabasi. Kwenye kila bango alikuwepo msichana mwenye koti jeupe, ameinama juu ya hadubini, ile mashine ya kutazamia vijidudu. Kola niliijua. Ilikuwa yangu.

Getini, mlinzi aliona ninavyopanda ngazi nikihesabu, akaniletea kiti chake mwenyewe na kusimama yeye. "Kaa kidogo, bibi. Hawa huwachukua muda kujua kuwa kuna mtu." Alisema kweli. Tulikaa mpaka jua likahama.

Hatimaye akatoka dada mmoja mwenye beji na viatu vinavyogonga sakafu. Alizungumza akitazama juu ya kichwa changu kidogo, kana kwamba mgeni halisi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hapa tunazalisha viongozi wa kesho," alisema.

"Na wapima damu?" nikamuuliza.

"Viongozi katika upimaji wa damu, mama."

Nilijaribu kupata picha ya huyo kiongozi akihutubia makohozi, nikashindwa.

Alituonyesha ukumbi, akatuonyesha bwawa lenye samaki wa rangi, akatuonyesha ukuta wenye picha za watu waliowahi kuja kutembelea bwawa. Mjukuu wangu alikuwa anameremeta. Alinishika mkono akaniambia polepole, "Bibi, kuna lifti." Nilimwonea huruma kwa furaha ile, maana ilikuwa safi, na ni mimi niliyeipanda.

Maabara ilifunguliwa kwa ufunguo ulioletwa na mtu aliyetafutwa na mtu mwingine. Ndani, hadubini ishirini zilipangwa mstari, kila moja imefunikwa nailoni yake ya dukani, kama makochi ya nyumba inayosubiri mgeni asiyefika. Pembeni alisimama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, msichana mpole, amewekwa hapo kwa ajili yetu. Alikuwa amevaa koti langu.

Mkono wa fundi hauna adabu. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeinua pindo lake na kuligeuza. Alinivumilia, hata akasogea ili nione vizuri. Mshono ulikuwa wa mwaka wa kwanza, wa ile cherehani yangu ya zamani iliyokuwa ikiruka uzi kila baada ya hatua tisa. Koti la miaka sita. Na kifuani, kutoka begani mpaka kiunoni, kulikuwa na mistari miwili ya mkunjo. Mikunjo ile niliipiga pasi mimi, siku nilipoyafunga kwenye maboksi. Nguo ikifuliwa mara moja tu, mkunjo wa namna ile unakwenda zake.

"Mwanangu," nikamwambia, "hili mnalivaa lini?"

Akamtazama yule dada wa beji. Simu ya dada ilikuwa imeita, akatoka nje, viatu vikimfuata.

"Siku ya picha, bibi. Na siku ya wageni. Tukimaliza tunakunja palepale pa zamani tunarudisha stoo."

"Na siku ya kazi?"

"Kazi tunafanyia Mabati," alisema kwa sauti ya chini. "Jumamosi. Wanatuazima maabara yao, na makoti wanatuazima pia, kwa sababu haya yakichafuka tunaandikiwa barua. Hizi mashine hatujawahi kuzifungua. Aliyefundishwa kuziwasha alihama." Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Usinitaje. Lakini mimi ningekuwa wewe ningependa mtu aniambie."

Ule ulikuwa wema mkubwa, na hakuna bango lililoutangaza.

Barabarani nilikuwa nimekasirika kiasi cha kusahau magoti. Niliwakasirikia wao, halafu nikajikasirikia zaidi. Miaka sita nimeona mfuko usiofunguka nikauita unadhifu. Fundi anayejua kazi yake angejiuliza, nguo gani hii ya kazi isiyochanika? Nguo isiyorudi kwa fundi ama imetupwa ama haijavaliwa. Hilo nilifundishwa na aliyenifundisha kushona, nami nikalisahau kwa sababu lile jengo linang'aa.

"Nilikosea," nikamwambia mjukuu wangu. "Nimekuwa nikikudanganya tangu uko mdogo, bila kujua."

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Hapo akasema, "Kwa hiyo niende Mabati, nichekwe?"

"Sijasema uende. Nimesema nilikosea."

"Marafiki zangu wote nimeshawaambia, bibi."

"Najua. Na mjomba wako amewaambia waliobaki."

Alilala na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Ni rahisi kwa mzee kubadili mawazo. Yeye ndiye atakayetoka kesho asubuhi mbele ya marafiki akiwa amevaa hayo mawazo.

Mwenyekiti alipopata habari Jumatano alifungua kikao akiwa bado mlangoni.

"Mama, tangu lini makoti yakapima elimu? Basi na hospitali tuzichague kwa mapazia."

"Wewe ulichagua kwa vioo."

"Ile ni sifa. Jina. Mtu akisikia Vioo, anasimama."

"Wewe ulisoma pale. Nani amesimama?"

Alikunywa maji. Nilijuta kidogo, kwa sababu ni mwanangu, na kwa sababu ndiye aliyembeba binti huyu mgongoni mpaka zahanati mwaka ule wa homa, viatu vyake vikabaki matopeni. Lakini kinywa changu nacho kina umri wake.

Alhamisi mjukuu wangu alitoka asubuhi bila kuaga vizuri. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Alirudi jioni amelowa, vidole viwili vya mkono wa kulia vina rangi ya zambarau. Nilijua alikotoka, rangi ile nimeifua miaka sita. Sikumuuliza kitu. Nilimpa taulo.

"Nimegombezwa," akasema, akikausha nywele.

"Na nani?"

"Mwalimu wao. Mwanamke mfupi, mkali, koti lake lina kiraka kwapani. Nimesimama mlangoni natazama, akaniuliza nataka nini, nikamwambia nachagua chuo. Akasema hapa hatusimami mlangoni, tunazuia mwanga. Akanipa koti, akanikalisha kwenye hadubini. Nikashika kile kioo chembamba cha kuwekea damu katikati kwa vidole. Akanigombeza mbele ya watu wote."

"Pole."

"Kijana wa pembeni akanionyesha kukishika kwa kingo. Akaniambia wote waligombezwa siku ya kwanza, na yeye aligombezwa mwaka mzima." Alianza kucheka. "Mvua ilipokuja, bibi, ni kweli, husikii kitu. Mwalimu akanyamaza. Akawa anapita anatazama tu, anagusa bega la mtu aliyekosea. Mimi nimeguswa mara nne."

"Na uliona nini humo ndani?"

Akafikiri. "Chembe za damu. Nyingi. Nilizihesabu, nikapata jibu tofauti na la wenzangu. Nikarudia. Saa ya kufunga ilifika sijajua nani amekosea."

Kisha alikwenda kuoga. Nilimsikia bafuni akihesabu.

Ijumaa Mwenyekiti alikuja saa nane, amevaa shati la kikao. Namba ya kuthibitishia ilikuwa imetumwa kwenye simu yake, kwa kuwa simu ya binti ilikufa wakati wa kujaza fomu, wakaandika yake. Bila namba hiyo hakuna chuo chochote. Aliiweka simu mezani, kati ya mkasi na kopo la vifungo, akaiwekea kiganja juu.

"Nimeona nikusaidie," alisema. "Nakubonyezea Vioo sasa hivi, tumalize."

"Naomba namba, mjomba. Nataka kubonyeza mwenyewe."

"Unabonyeza wapi?"

"Mabati."

Alinitazama mimi, si yeye. "Mama, umeona ulichofanya? Watu wote nimewaambia. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako ni mshona makoti aliyeshindwa kusoma koti," nikamjibu. "Ni kweli, na watacheka, na kicheko hakivunji mfupa."

"Kwako hakivunji. Hujui wanavyonisema. Nilipoacha chuo walinisema miaka minne. Nilitaka mmoja wetu amalize pale. Mmoja tu."

Hilo hakuwahi kulisema. Cherehani ilikuwa inanguruma, nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Mjukuu wangu alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Mjomba," akasema, "nikienda Vioo nitamaliza. Nitapewa na picha. Halafu siku moja utaletwa hospitali unaumwa, na mimi ndiye nitapima damu yako, na sitajua ninachokiona."

Mwenyekiti aliondoa kiganja juu ya simu. Saa ya ukutani ilifika tisa na nusu.

"Una uhakika?" akauliza.

"Sina."

"Basi angalau hunidanganyi." Akavaa miwani yake, akaichukua simu, akaanza kumsomea. "Nne. Saba. Saba tena, ziko mbili. Sifuri. Umeandika sifuri? Tisa. Moja." Kisha akarudia zote tangu mwanzo, taratibu, kidole chake kikitembea chini ya kila namba, asije akamkosesha.

Binti akabonyeza. Kioo cha simu kikasema ombi limepokelewa na haliwezi kubadilishwa. Alikaa akikitazama, mikono katikati ya magoti, rangi ya zambarau ikiwa bado kwenye vidole.

Mwenyekiti akainuka, akanyoosha shati, akatoka barazani kupiga simu. Angeweza kuandika kwenye kundi mstari mmoja akazima simu. Mimi ningefanya hivyo. Yeye aliamua kuwapigia mmoja mmoja, na alianza na wifi yangu, ambaye kicheko chake husikika nyumba ya tatu.

"Shikamoo shangazi. Ndiyo, ameshathibitisha," nikamsikia. "Hapana, si kile. Kile cha mabati. Ndiyo, hichohicho." Akaisogeza simu mbali kidogo na sikio. "Cheka kwanza, shangazi. Nasubiri."