Mshipa Uliokataa Kutanuka

Dawa za saratani zilikuwa zimeuondoa uvimbe wa fundi cherehani, na mkewe alikwishaanza kumtania akimwita bwana harusi. Ilibaki kupima iwapo dawa hizo hazikuidhuru mishipa yake ya damu. Mpimaji aliupaka mkono wake jeli ya kipimo, akaubana kwa mkanda wa presha, akasubiri, kisha akaulegeza mkanda. Damu inaporudi kwa kasi, mshipa wenye afya hutanuka. Kwenye skrini ya mashine, mshipa wa fundi ulibaki vilevile, kama mrija wa plastiki.

“Mashine hii nayo ina vituko,” mpimaji alisema, akimgeukia mke wa fundi aliyeketi kando. “Mama, hebu nipe mkono wako nihakikishe.”

“Pima, mwanangu. Mimi chuma cha pua.”

Mkanda ulipolegezwa, mshipa wa mama ulitanuka taratibu, ukajaa.

“Umeona, bwana harusi?” mama alicheka. “Mashine ni nzima kabisa.”

Fundi hakucheka. Alikuwa ameitazama skrini mara zote mbili, na sasa alimtazama mpimaji, aliyekuwa bado akiufuta jeli mkono wa mama, ingawa ulikwisha kukauka.

“Binti yangu,” aliuliza kwa upole, “na moyo unalishwa na mishipa kama hii?”

Mpimaji aliitikia kwa kichwa, na kicheko cha mama kikakatika.