Maji Yalikuwaga Yanatoka

Mbuke alisikia sauti yake redioni akiwa katikati ya pamba, na hakuitambua mpaka Rhobi alipocheka.

Wanawake wa kikundi cha kuchuma walikuwa kwenye shamba la Rhobi asubuhi hiyo, magunia yamefungwa viunoni, simu ya Rhobi inaning'inia shingoni ikitoa habari kutoka Musoma. Mtangazaji alisema wakazi wa kijiji cha Nyakerambi, wilayani Bunda, wameupongeza uongozi wa kata yao kwa mradi wa maji. Kisha ikaja sauti ya mwanamke: "Maji yanatoka vizuri tu, tukafurahi sana."

"Mama Elias," Rhobi alisema, "si wewe huyo?"

Ndiye. Mikono yote ilisimama. Pampu ya kijiji ilikuwa hapo chini, karibu na shule, inaonekana kutoka shambani. Ilikuwa imekufa tangu wiki ileile diwani alipoizindua, na mbuzi walikuwa wanajikuna kwenye mpini wake. Asubuhi hiyo hiyo kila mmoja wao alikuwa ameteka maji kwenye lambo la ng'ombe.

"Sikusema hivyo," Mbuke alisema.

"Redio ndiyo imesema kwa mdomo wako?"

"Yule kijana alikuja na maiki yake, nikamweleza. Nilisema maji yalikuwaga yanatoka. Wageni walipoondoka yakakata. Nilisema yote."

"Sisi tumesikia yanatoka." Rhobi alirudi kwenye pamba yake. "Wamekupa nini? Kanga? Sukari? Sema tu, dada yangu, hatutakunyang'anya."

Wengine walicheka, na mmoja akaanza kuimba, wengine wakamwitikia kabla hawajafika mwisho wa mstari wa pamba: *Mbuke yuko redioni, maji yako mdomoni.*

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la Mbuke. Alipika uji wa watu wote na kutandika turubai la kumwagia pamba. Hakuna aliyekuja. Alisimama mpakani akawaona wanaingia shamba la jirani, ambaye zamu yake ilikuwa bado, na wimbo ukamfikia vizuri kwa sababu upepo ulikuwa upande wake.

Mbuke alikuwa mjane. Elias, mwanawe wa pekee, alikuwa akifanya kazi za ujenzi mbali huko. Pamba yake ilikuwa imepasuka yote kwa mara moja, shamba jeupe mpaka kichakani, na mikono miwili haiwezi shamba la namna hiyo. Pamba ikikaa juu ya mti huanguka. Ikianguka hubeba vumbi na majani makavu, na ghalani huiita fifi, huitupa pembeni na kuilipa kama takataka. Kikundi kisiporudi, mwaka wake mzima ulikuwa unakwenda kuwa fifi.

Jioni alikwenda kwa Rhobi.

"Nifanye nini mrudi?"

"Sisi hatuna ugomvi na wewe," Rhobi alisema, akipepeta mahindi bila kuinua macho. "Ila wewe una watu wako sasa. Si diwani atakuletea vibarua?"

Wakati huo diwani, Mheshimiwa Machage, alikuwa ameshaipata ile sauti. Ilikuwa inatembea kwenye simu za watu, na siku ya soko gari lake la matangazo liliipiga kuanzia stendi ya Bunda mpaka mnadani, likirudiarudia: yanatoka vizuri tu, yanatoka vizuri tu. Wauza nyanya waliitikia kwa matusi. Hakuna aliyeamini, hata mmoja. Ndivyo watu wa huku walivyozoea: habari njema ikisomwa, wanauliza nani kalipwa. Na safari hii jibu lilikuwa na jina na nyumba.

Mbuke alipanda basi la Musoma.

Studio ilikuwa Mwisenge, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alimkuta yule kijana, Fred, kwenye kompyuta, hedifoni masikioni. Fred alimkumbuka. Alisimama hata, akampa kiti.

"Shikamoo mama. Umesikia ulivyotoka vizuri?"

"Marahaba. Nataka neno langu."

"Neno gani?"

"Yalikuwaga. Nilisema maji yalikuwaga yanatoka. Umelipeleka wapi?"

Fred alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akafungua mafaili, akatafuta, akasikiliza. Uso wake ulibadilika, lakini si sana.

"Aa. Mama, unajua, hapa kuna utaratibu. Bosi wetu, Mzee Felisian, hataki 'ga' hewani. Nilikuwaga, anakujaga, tunalalaga. Anasema watu wa Dar wanatucheka, wanasema redio ya porini. Kwa hiyo sisi tukikutana na 'ga' tunakata. Nilikuwa nasafisha lugha tu."

"Hukukata 'ga'. Umekata neno zima."

"Ukikata 'ga' peke yake inasikika mkato. Inabidi litoke lote."

"Na pale niliposema yakakata?"

"Habari nzima ilikuwa ya dakika moja, mama. Diwani naye alihitaji kuongea."

Fred hakuwa mtu mbaya. Hakupewa kitu na mtu yeyote. Chai yenyewe ya siku ile alijilipia. Alikuwa ameiona pampu kwa macho yake, ameshika hata ule mpini, na bado hakuna kilichomsumbua aliporudi, kwa sababu habari ilikuwa na diwani, ilikuwa na mwananchi, na ilikuwa na lugha safi. Kwake hiyo ilitosha kuwa habari.

"Basi soma tena," Mbuke alisema. "Sema mlikosea."

"Hilo mpaka bosi, na bosi yuko Butiama kwenye sherehe. Lakini nakuahidi tutakuja kufanya ufuatiliaji."

"Utakuja na mkasi uleule."

Mlangoni alikuwa amesimama mtangazaji wa kipindi cha salamu, Petronila, mtu wa Butiama, ambaye nyumbani kwao wote wanaongea hivyo hivyo na ambaye kila siku kabla ya kuingia hewani alikuwa anaivua ile 'ga' kama mtu anavyovua kandambili mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Mama," alisema, "una watu wa kuwasalimu?"

"Ninao."

"Njoo. Kule ndani tunaongea moja kwa moja. Hakuna mkasi."

"Petronila!" Fred alisema.

"Ni salamu, Fred. Salamu nazo zinapita kwa bosi?"

Alimkalisha, akamsogezea maiki, wimbo ukaisha. Mbuke hakupandisha sauti. Aliongea kama mtu anayeagiza kitu dukani.

"Naitwa Mbuke, natokea Nyakerambi. Nawasalimu wanawake wa kikundi cha kuchuma, Rhobi akiwa wa kwanza. Rhobi, nilisema maji yalikuwaga yanatoka. Yalikuwaga. Neno hilo lilikatwa hapahapa, na kijana aliyelikata yuko nje ya kioo, ananiangalia. Pampu imekufa tangu wiki ile ya kukata utepe. Diwani anajua, na mbuzi wanajua. Sikupewa kanga wala sukari. Pamba yangu inaanguka. Ni hayo tu, asanteni."

Simu zilianza kuita kabla Petronila hajapata la kusema. Mtu wa Bugwema alisema ana shemeji, alikuwaga anapokea simu, akagombea, akashinda. Mwingine alisema yeye alikuwaga anasikiliza habari, siku hizi anasikiliza matangazo ya vifo tu, kwa sababu hayo angalau yana ukweli. Bibi mmoja wa Butiama aliomba aulizwe huyo aliyekata neno kama amelihifadhi, maana yeye bado analitumia. Kipindi kilikwisha bila wimbo wa pili.

Kwenye habari za jioni, Fred alisoma kwamba wasikilizaji wamejitokeza kwa wingi kuipongeza redio kwa kuwapa wananchi sauti.

Mbuke alirudi nyumbani akidhani amemaliza. Njiani watu walimpungia mkono, wakamwita Mama Yalikuwaga, na mtu mmoja alimnunulia soda. Lakini asubuhi turubai lake lilikaa tupu tena. Alimfuata Rhobi njia ya lambo.

"Hamkusikiliza?"

"Tulisikiliza wote. Umeongea vizuri kabisa." Rhobi alitua ndoo. "Swali ni nani amekupeleka Musoma. Nauli ya nani? Maana kuna huyu mwingine naye anautaka udiwani. Wiki ile ulikuwa wa huyu, wiki hii wa yule. Sisi tutakuwekaje?"

"Nauli yangu, Rhobi. Niliuza kuku."

"Wanasemaga hivyo wote," Rhobi alisema, na hakuwa na hasira yoyote. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mbuke alichuma peke yake mpaka jua likapanda. Ndipo gari la diwani lilipoingia, likapita juu ya matuta ya viazi na kusimama karibu na turubai. Mheshimiwa Machage alishuka akiwa ameshika simu. Katika shamba la jirani wanawake waliacha kuimba.

"Mama, umenidhalilisha! Mkoa mzima!"

"Karibu, Mheshimiwa. Kuna uji."

"Sitaki uji! Nani amekutuma?"

"Sikutumwa."

"Mwanamke hatoki Nyakerambi mpaka Musoma kwa hiari yake! Nani? Sema jina!" Alikuwa anapiga kelele kweli, jasho linamtiririka kwenye kola. "Mimi nimekukosea nini? Wenzako hapo nimewapa kanga wakati wa kampeni. Nimewapa fulana, nimewapa chumvi. Wewe sijawahi kukupa kitu, hata kiberiti! Ningekuwa nimekupa halafu nikakunyima, ningeelewa. Lakini sijakupa kitu, mama, sijakupa!"

"Ni kweli," Mbuke alisema. "Hujanipa."

"Basi!"

"Basi tengeneza pampu."

Diwani alimwangalia, akaangalia pamba, kisha kwa mara ya kwanza akaangalia shamba la jirani, ambako wanawake walikuwa wamesimama mstari mmoja, magunia viunoni, wanamsikiliza. Baadhi walikuwa wamevaa zile kanga. Aliingia garini. Wakati wa kugeuza alikanyaga matuta mengine ya viazi.

Kesho yake, umande haujakauka, walikuja wote. Hakuna aliyeomba radhi. Walijimiminia uji vikombeni wenyewe, wakafunga magunia, wakagawana mistari. Pampu ilikuwa bado imekufa, na mafundi hawakuwa wametajwa na mtu yeyote.

"Kwa hiyo," Mbuke alimwambia Rhobi, "mimi nimesema siku zote hizo, hamkusikia. Yeye amesema mara moja, mkaamini."

"Yeye alikuwa na hasira," Rhobi alisema. "Hasira ile hainunuliwi. Wewe tungekuaminije? Wewe ulikuwa redioni."

Mbuke alilifikiria hilo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea upande wa kichakani, kwenye mistari ambayo upepo ulikuwa umeimaliza, pamba yote chini, imechanganyika na vumbi na mavi ya mbuzi.

"Mistari ile mitatu ni yako," alisema. "Na uchambue. Sitaki jani hata moja."

Rhobi aliiangalia, akaguna, akakaza fundo la gunia na kwenda.