Nukta Zilizotawanyika Mto Ulipojaa

Ofisi ya mito ya mji wa Trinidad ilikuwa na hesabu moja ya kutabiri mafuriko ya mto Mamoré, na hiyo hesabu ilikuwa imezeeka ofisini pamoja na viti. Unachukua kimo cha maji kule juu, chini ya milima, unakipitisha kwenye mstari mmoja wa grafu ulionyooka, nao unakuambia maji yatafika wapi huku mbugani. Ukikosea, unakosea nusu mita, juu au chini. Redio ilitangaza hivyo kila masika, na wafugaji wa mbuga za Beni wakapanga maisha yao kwa hiyo nusu mita.

Nayda Yubánure alipoajiriwa pale, alitaka kwanza kuyaona makosa yenyewe. Kwa kila mafuriko yaliyopita alitoa kimo kilichotabiriwa katika kimo ambacho mto ulifika kweli, na kila baki akaliwekea nukta kwenye kompyuta: maji madogo kushoto, makubwa kulia. Mstari ukiwa wa kuaminika kote, nukta hutawanyika kwa upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Hizi hazikuwa hivyo. Kushoto zilibanana kama kuku wanaojikinga mvua. Kulia zilisambaa, nyingine juu sana, nyingine chini sana, umbo zima likawa kama tarumbeta. Akadhani macho yanamdanganya. Akazidisha kila baki kwa lenyewe, akapima kama ukubwa wake unapanda pamoja na mto. Ulipanda.

Akampelekea mkuu wake, inginia Rolando Peinado.

"Nusu mita ni wastani tu, inginia. Miaka ya maji madogo ni mingi, ndiyo inayoushusha. Mto ukijaa kweli tunaweza kukosea mita moja na nusu."

"Juu au chini?"

"Sijui. Ndiyo shida yenyewe."

Peinado hakuwa mtu mbaya. Alizitazama nukta kwa muda, akajikuna kidevu. "Binti, nikimwambia mfugaji sijui, ataniuliza mshahara ninalipwa wa nini. Ngoja mvua zipite, tutarekebisha tangazo kwa utulivu."

Mvua hazikupita. Februari ilifunga mbingu, na kule juu mto ukavimba kuliko kawaida. Redio ikatangaza kimo, na nusu mita yake. Nayda akampigia simu baba yake.

Mzee Froilán alikuwa mjane, anaishi na ng'ombe wake mbali na mji. Maji yakija aliwapandisha kwenye kilima cha kale, kile kilichoinuliwa na mikono ya wahenga, akakaa nao huko akila ndizi na nyama kavu mpaka mbuga ikauke.

"Baba, panda boti uje mjini."

"Nije kufanya nini? Redio imesema. Kilima changu kinazidi hicho kimo kwa mita nzima."

"Hiyo nusu mita ni ya miaka ya kawaida. Mwaka kama huu maji yanaweza kupita kilima. Yanaweza pia yasifike."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Yanaweza, yasiweze! Nimekusomesha uje kuniambia hayo? Marehemu mama yako goti lake likimuuma alitabiri kuliko wewe."

"Baba, sitanii."

"Basi sema moja, mwanangu. Yatakuja au hayatakuja?"

Neno 'yatakuja' lilimfika ulimini. Lingetosha; mzee angenung'unika, angepanda boti. Lakini ni mzee huyo huyo aliyemlea asiape juu ya asichokijua.

"Sijui, baba."

"Haya. Mimi nabaki na wanyama wangu. Na wewe ule, unakonda."

Maji yalipita kilima. Wanaume wa boti walimkuta Froilán amekufa, amenasa kwenye matawi ya mti, mbali na nyumbani. Kabla maji hayajamchukua, alikuwa amekata nyaya zote za zizi ili wanyama wajiokoe. Ng'ombe kadhaa walipatikana hai, wameogelea hadi kwenye tuta la barabara.

Peinado alikuja matangani akashindwa kuketi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ulikuwa sahihi, Nayda."

"Sikusema yatakuja," Nayda alijibu. "Aliniuliza, nikamwambia sijui."

Mkuu wake akarudi ofisini. Tangazo likabadilishwa: mto ukiwa mdogo, ofisi inakiri kosa dogo, ukijaa, inakiri kubwa. Masika yaliyofuata mto ulivimba tena, na Nayda hakuiachia redio. Alizunguka kwa boti shamba hadi shamba, akiwaambia watu: maji yakiwa makubwa tunajua kidogo, kwa hiyo hameni mapema.

Doña Ovidia, bibi aliyekuwa jirani wa marehemu baba yake, alihama. Ndama wake walikufa njiani, kwenye matope. Na maji yakaishia mbali, hayakulowesha hata ngazi ya nyumba yake.

"Umeniua, wewe mtoto!" bibi alifoka, Nayda alipokuja kumsaidia kurudisha mifugo. "Ndama wangu wamekwisha kwa ajili ya mto ambao haukuja! Baba yako angekucheka!"

"Angenicheka, Doña."

"Na mwakani ukija utaniambia nini?"

"Mto ukijaa, nitakuambia uhame tena."

Bibi akatema mate pembeni. Akamtazama Nayda, akaitazama mbuga, midomo ikimcheza kwa hasira. Kisha akamrushia kamba. "Mshike yule jike mweusi. Tangu ndama wake afe hataki kutembea."

Wakaanza kuswaga. Walipokipita kilima cha Froilán, majani yalikuwa yamekifunika chote. Bibi alitangulia mbele. Nayda alibaki nyuma na yule ng'ombe, akimvuta taratibu huku akilia, na ng'ombe naye kila hatua chache akisimama na kugeuka kutazama alikotoka.