Uzito wa Kushusha

Musikie bien! Kazi ya Placide ku Kinshasa ilikuwa kupima nguvu ya byuma bya moteri ya ndege: hii inaweza kubeba kiasi gani, itachokea wapi, itavunjika saa gani. Mwaka 1998 anakuja kwabo Lulimba kuzika baba yake, mara vita, barabara zinafungwa. Anabakia.

Siku moja ndege ndogo ya Komanda Bertin, mukubwa wa baaskari ba pale, inashuka, inaruka-ruka ku mashimo kama mbuzi! Baaskari banapakia mifuko ya mawe ya zahabu ya mugodi wa Misisi. Kisha banapakia bajeruhiwa ku machela. Mumoja njo Émilienne, dada mudogo wa Placide, risasi iko ku tumbo. Muganga alishasema: kama hapasuliwe ku hospitali kubwa leo, anakufa.

Vile ndege iliruka-ruka, Placide anainama chini ya moteri kupima chuma. Anapaka petrole ya taa ku mikono ya chuma yenye kushika moteri, anapangusa muzuri, anarusha unga ya muhogo juu yake. Yote nyeupe. Anangoja. Mara, ee Mungu, kamustari keusi kanajichora ku unga! Petrole yenye kujificha ndani ya ufa iko inatoka!

"Mukubwa, chuma imepasuka."

Komanda anakamata kitambaa, anapangusa unga. "Sasa ufa iko wapi? Ingénieur, unga ni ya bugali!"

Baaskari bote kicheko. Lakini Henri, piloti, hacheki. "Placide, itaruka ao haitaruka?"

Placide anaangalia dada yake. Akisema hapana, Émilienne anakufa hapa. Akisema ndiyo, pengine banakufa bote kule juu. Anakamata kijiti, anapiga hesabu ku udongo.

"Itashika, kama ndege iko mwepesi. Henri asisukume moteri mpaka mwisho. Mushushe uzito."

"Sasa njo unasema kama muntu wa masomo," Komanda anasema. Anageukia baaskari: "Mushushe machela!"

"Apana, mukubwa! Mi nasema mifuko!"

"We ulisema uzito. Bantu hawana uzito?"

Placide anarukia mulango. Kitako cha bunduki kinamuangusha. Banamulalisha Émilienne ku majani pembeni yake.

"Yaya, banasahau kunipakia?" Émilienne anauliza kaka yake.

"Ndege itarudi, mudogo yangu. Ngoja kidogo."

Ndege inakimbia, inaruka shimo, inaruka ingine. Jamani, Placide alipimaka byuma maisha yake yote ili bisivunjike, na siku ile anaomba chuma ivunjike! Haikuvunjika. Ikapanda muzuri, ikapotelea ku milima.

Émilienne akakufa mbele ya jua kuzama.

Kesho yake banachimba kaburi, askari anafika na kuku, miguu imefungwa.

"Komanda anasema aksanti. Ndege ilifika muzuri, hesabu yako ilikuwa sawa."

Placide akaendelea kuchimba. Kuku akabakia pale ku udongo, anapigapiga mabawa.